Mgawa Maji na Gome la Mwerebi

Hadithi iko njiani, wajukuu zangu. Semeni: Ipishwe.

Inapanda mlima, inahema. Semeni: Ipewe kigoda.

Haya, imeketi. Na ninyi kaeni vizuri. Wewe hapo, ondoa mguu wako mgongoni mwa mwenzako, tuanze.

Zamani, zamani sana, ile zamani iliyokuwapo kabla ya zamani zenu mnazozijua, wakati milima ya Taita ilikuwa bado mibichi na ukikanyaga jiwe linabonyea, kulikuwa na kijiji kikiitwa Kilughanyi. Na Kilughanyi kulikuwa na mfereji mmoja. Si miwili. Mmoja. Ulianzia mtoni juu kabisa, penye miamba, ukashuka ukipinda huku na huku kama nyoka aliyeshiba, ukapita shamba hili, ukapita shamba lile, hadi mwisho kabisa wa kijiji, kwenye shamba la bibi kizee mmoja aliyeitwa Maghuwa. Huyo tutamfikia baadaye, ingawa maji yenyewe hayakuwa yakimfikia.

Maji yalikwenda kwa zamu. Mwenye kuzigawa zamu alikuwa mwanamke aitwaye Mkawasi. Hakuchaguliwa kwa sababu alikuwa mrefu, maana hakuwa mrefu. Hakuchaguliwa kwa sababu alikuwa na sauti, maana ukimsikia ungedhani anaongea na mtoto aliyelala. Alichaguliwa kwa kumbukumbu yake. Siku hizo hakuna aliyeandika kitu. Zamu zote za kijiji kizima zilikaa ndani ya kichwa cha Mkawasi: nani anafungua maji jogoo la kwanza, nani anafungua jua likigusa mwamba, nani anafungua jua likiwa utosini, nani anafungua mbuzi wakirudi.

Sasa fikirini wenyewe. Kama zamu zote zimo kichwani mwa mtu mmoja, basi kila anayetaka kugombana na zamu yake atakwenda kugombana na kichwa hicho.

Na walikwenda. Lo, walikwenda. Kabla hajanawa uso, mtu yuko mlangoni. Huyu alilalamika kwamba jua la jana lilitembea mbio, likamwibia zamu yake. Yule alisema jirani yake amelala mferejini kama gogo, ameyaziba maji kwa mgongo wake mpana, na akiulizwa anajibu kwamba anaoga. Mwingine alikuja kusema kwamba maji aliyopata yalikuwa membamba, na yeye anataka manene. Mama mmoja alileta kibuyu cha tope, akakiweka mbele ya Mkawasi, akakaa kimya akimwangalia, kama vile tope lile ndilo lingesema.

Mkawasi aliwasikiliza wote. Alisikiliza amekaza meno. Alisikiliza mabega yamepanda, yamepanda, yamepanda mpaka yakakaribia kugusana na masikio. Hakumfukuza mtu, hakumkemea mtu. Na jioni, watu wakishaondoka, kichwa kilianza.

Hakikuuma upande mmoja. Kiliuma pande zote, kuanzia kisogoni kuzunguka hadi juu ya nyusi, kama vile mtu amemfunga kamba ya kuni, akaweka goti, akavuta. Mwanzoni ilikuwa jioni tu. Kisha ikawa mchana pia. Kisha akawa anaamka nacho. Kichwa kinakaza, kichwa kinabana, kichwa kinavuta. Semeni nami. Kichwa kinakaza, kichwa kinabana, kichwa kinavuta.

Mumewe, Mrombo, alikuwa mtu mpole, naye aliona huruma hata akaanza kunong'ona. Alimnong'oneza mkewe, akawanong'oneza wageni, akazoea hivyo mpaka akawa anawanong'oneza mbuzi, na mbuzi hawakumwelewa, wakaenda wanakotaka. Akamfunika jogoo kwa kapu ili asiwike. Jogoo akawika ndani ya kapu, na sauti ikatoka imevimba mara mbili.

Habari ikatoka nje. Kilughanyi nzima ikajua kwamba Mkawasi anaumwa kichwa, na hapo ndipo matatizo yalipopata miguu. Kwa maana kila mtu alikumbuka ghafla kwamba anajua dawa.

Wa kwanza kufika alikuwa shemeji yake, Mwadime, ndugu wa mumewe. Shamba la Mwadime lilikuwa la juu kuliko yote, maji yalipotoka mtoni yalimsalimia yeye kwanza. Alikuja na jiwe bapa kutoka mtoni, baridi kabisa, akamwekea Mkawasi utosini. Na jiwe lilipokuwa limetulia pale, na Mkawasi hawezi kugeuza shingo, Mwadime akasema kwa upole kwamba, akishapona, haitakuwa vibaya kama yeye atapewa zamu ya pili baada ya ile ya kwanza.

Kichwa hakikupona.

Akaja mama mwenye mapacha, na majani ya mbarika. Alimfunga jani la kwanza, la pili, la tatu, akaendelea kufunga mpaka Mkawasi akawa haoni mbele, yuko ndani ya majani kama boga shambani. Kisha akayaambia yale majani, maana uso haukuonekana, kwamba yeye angependa maji ya alfajiri.

Kichwa hakikupona.

Akaja mzee aliyeamini kwamba maumivu huogopa kelele. Huyo alileta ngoma. Sitawaambia alichofanya, mtajaribu kesho. Ila naye alipomaliza aliomba zamu ya jioni, na aliiomba kwa kupaza sauti, kwa sababu masikio yake mwenyewe yalikuwa yamezibika.

Na kichwa? Semeni. Kichwa kinakaza, kichwa kinabana, kichwa kinavuta.

Basi, kiangazi kikafika. Mtama ulikuwa unatoa masuke, mbaazi zilikuwa zinatoa maua, na kila shina lilikuwa limenyoosha mdomo likingoja maji. Kila mwezi mpya ulipoandama, Mkawasi alisimama kwenye mwamba wa mkutano akatangaza zamu, na alichokitangaza hakikubadilika mpaka mwezi mwingine. Safari hii zamu zilikuwa jambo la kula au kutokula, na kila mtu alilijua hilo.

Mkawasi akapanda kwenye mwamba. Jua lilimpiga machoni. Watu walikuwa wamejaa, kila mmoja anamtazama kwa macho ya mtu aliyeleta dawa. Akafungua mdomo, akazitafuta zamu mahali zilipokaa siku zote, na hakuziona. Kulikuwa na kamba tu, inavuta. Akamwangalia wa kwanza, akasema, "Wewe, jua likigusa mwamba." Akamwangalia wa pili, akasema, "Wewe, jua likigusa mwamba." Watu wa Kilughanyi walikuwa na tabia ya kusikiliza zamu moja tu, kila mtu yake, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Alimaliza wote kwa maneno hayohayo, akashuka. Nao wakarudi nyumbani wakitabasamu, kila mmoja akijua moyoni kwamba dawa yake ndiyo iliyofanya kazi.

Mmeshaiona kesho yake, sivyo? Basi nyamazeni, na wenzenu waione.

Jua likagusa mwamba. Kilughanyi nzima ikatokea mferejini na majembe. Kila mtu akafungua maji kuelekea kwake. Kila mtu akamfungia mwenzake. Huyu anachimba, yule anafukia, huyu anafukua alichofukia yule. Mzee wa ngoma akateleza, akamshika mama wa mapacha, mama wa mapacha akamshika Mwadime, na Mwadime hakuwa na mtu wa kumshika, akaushika ukingo wa mfereji. Ukingo ukakubali kwenda naye. Wote watatu wakashuka kwenye tope wakiwa wamekumbatiana kama watu waliopotezana miaka mingi, na waliokuwa juu wakacheka, nao wakateleza, wakawafuata. Baada ya muda mfupi usingeweza kujua nani ni mjomba na nani ni jembe.

Lakini ukingo ulikuwa umebomoka kweli. Maji yakatoka pale, yakaingia korongoni, yakaenda zake. Mfereji ukakauka. Na watu walipojipangusa macho wakaona hakuna maji, kicheko kikaisha. Wakaanza kuulizana nani alitangaza zamu. Nyuso zote za tope zikamgeukia Mkawasi.

Alisimama pale akitetemeka, si kwa woga, bali kwa maumivu. Mrombo alijaribu kumtetea, lakini alimtetea kwa kunong'ona, hakuna aliyesikia. Mtu akasema mgawa maji atafutwe mwingine. Mwingine akasema mbaazi zikifa, waende kula kwa Mkawasi. Mkawasi aligeuka akaanza kutembea ndani ya mfereji mkavu kuelekea chini, kwa sababu juu kulikuwa na sauti, na chini hakukuwa na sauti.

Akatembea, akatembea. Akapita mashamba yote anayoyajua kwa zamu. Akafika mahali mfereji unapokuwa mwembamba kama mkono wa mtoto, kisha unaisha. Hapo palikuwa na shamba la mtama uliokunja majani, na zaidi ya shamba mto wenyewe ulikuwa umezunguka mlima na kurudi, umepita chini kwenye bonde. Kando ya mto ilisimama mierebi, ile miti inayopenda kutia miguu majini, yenye majani membamba kama ulimi wa mjusi. Chini yake bibi kizee alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasuka kamba kwa magome.

"Shikamoo, bibi," Mkawasi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Na usiseme kitu kingine, maana jinsi unavyosaga meno, nilikusikia tangu ulipokuwa kule juu."

Huyo ndiye Maghuwa.

Maghuwa hakuuliza kinachouma. Aliona mabega, akaona nyusi, akajua. Aliinuka polepole, akakata kitawi cha mwerebi, unene wa kidole gumba, akakibandua gome, akalikwangua, akalitia kwenye chungu cha maji juu ya mafiga. Hakuchochea moto mkubwa. Aliacha maji yacheke tu, yasipige kelele, mpaka yakawa na rangi ya maji yaliyochemshiwa kunde. Kabla ya kumnywesha, akampa kiazi kitamu cha kuchoma, akamwambia akile chote, kwa sababu gome hilo halipewi tumbo tupu, litalikwaruza. Ninyi watoto sikilizeni hapo. Msije mkaenda kutafuna magome ya watu, na mtoto mwenye homa ndiyo kabisa haligusi. Hiyo ni dawa ya mtu mzima, na mtu mzima mwenyewe huulizia kwanza.

Mkawasi akanywa. Wajukuu zangu, lile gome ni chungu. Uso wake ulikunjamana, ukakunjuka, ukakunjamana kwa upande mwingine. Jicho hili lilikwenda kwao na lile likaenda kwao. Ulimi ulitoka nje kuangalia kama kuna mahali pengine pa kuishi. Maghuwa alimtazama, akacheka, akacheka mpaka kigoda kikampindukia, na hata alipokuwa chini aliendelea.

Kisha Mkawasi akangoja kichwa kiachie. Hakikuachia. Akamwangalia bibi kwa macho ya kulalamika. Maghuwa akamwambia kwamba hii si dawa ya kukimbia, hii inakuja kwa kutembea. Akamwambia atie miguu mtoni. Akamwambia ashushe mabega. Mkawasi akajibu kwamba ameyashusha. Maghuwa akayashika kwa mikono yake miwili akayashusha, na kweli yalikuwa bado na safari ndefu. Akamwambia aachanishe meno. Wakakaa hivyo. Kivuli cha mti kikasogea. Maji yakapita juu ya vidole vya miguu. Na ile kamba kichwani ikaanza kulegea, uzi mmoja, kisha uzi mwingine, kisha wa tatu, mpaka Mkawasi akageuza shingo kushoto, akaigeuza kulia, akashangaa kwamba dunia ina kulia.

Hapo ndipo akaliona shamba. Alikuwa amepita katikati yake, lakini hakuwa ameliona. Mtama umekunja majani, ardhi imepasuka nyufa za kuingiza kiganja. Akakumbuka: zamu ya mwisho, Maghuwa, mbuzi wakirudi. Kila mwezi aliitangaza. Na kila mwezi watu wa mashamba ya juu walikuwa wamekwishayamaliza maji.

"Bibi," akasema, "miaka yote hii hukuja kulalamika hata mara moja."

"Nilikuja," Maghuwa akasema. "Mwaka ule wa kwanza ulipochaguliwa. Nikakukuta umezungukwa na watu, wote wanasema, na wewe umesimama katikati umekaza meno. Nikakuonea huruma, nikarudi."

Mkawasi akauinamia mto. Alitazama maji, na machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, kwa sababu yalikuwa yanatoka bila kuuma popote.

Alirudi kijijini na mzigo wa magome kichwani. Ndiyo, kichwani palepale.

Asubuhi yake watu walipofika kwenye mwamba, tayari kwa maneno, walikuta chungu kikubwa kinafuka moshi, Mkawasi amekaa kando yake, na Mrombo anagawa viazi vya kuchoma. Mkawasi akawaeleza, kwa sauti yake ileile ndogo, kwamba alikosea zamu na kosa ni lake. Na kwamba kuanzia leo mtu mzima yeyote mwenye neno kuhusu maji atasema, na atasikilizwa mpaka mwisho. Ila kwanza atakula kiazi, kisha atakunywa kata moja ya gome, yote, kisha atakaa na mabega chini mpaka kivuli kisogee. Baada ya hapo aseme.

Walidhani anatania. Mama wa mapacha akaja mbele na hasira zake, akala kiazi, akanywa, na uso wake ukafanya mambo ambayo mapacha wenyewe hawakuwahi kuyafanya. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mzee wa ngoma akasema yeye hatishwi na uchungu, akanywa, akajikuta anacheza bila ngoma. Wakacheka zaidi. Kila aliyekuja na neno alikunywa, kila aliyekunywa alikunja uso, na ni vigumu sana, wajukuu zangu, kumkasirikia mtu ambaye umetoka kumwona akiwa na uso wa namna hiyo.

Mwadime akaja wa mwisho. Alijua mfereji ukitengenezwa upya zamu zitatazamwa upya, na hakupenda.

"Shemeji, mimi nina neno, na ni zito," akasema.

"Kunywa kwanza, shemeji."

Akala kiazi kwa kuuma mara mbili. Akanywa kata yote kwa pumzi moja ili watu waone, akasimama wima. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha sikio lake la kushoto likatingishika lenyewe. Watu wakashikana mikono wakingoja. Midomo ikajikunja, ikazama ndani, ikapotea, na Mwadime akakaa chini taratibu kama mtu aliyeitwa na ardhi. Kijiji kizima kilicheka mpaka mbuzi wakakimbia.

Yeye akakaa. Kivuli kikasogea. Watu wakaendelea na soga zao, wakamsahau. Na baadaye, aliposema, alisema polepole, hakumtazama mtu.

"Shemeji, kichwa changu kimenyamaza. Sikujua kwamba kilikuwa kinapiga kelele."

Mkawasi akamuuliza kelele hizo zilianza lini. Mwadime akafikiri, akasema tangu alipolirithi shamba la juu. Tangu hapo, akisema na mtu, jicho moja liko mferejini. Akila, sikio moja liko mferejini. Akilala, anaota mtu anafungua maji yake. Alidhani vichwa vya watu wote viko hivyo.

"Na lile neno lako zito?" Mkawasi akauliza.

"Lilikuwa la kukataa," Mwadime akasema. "Nimechoka kulibeba."

Ndipo Mkawasi akasimama kwenye mwamba akatangaza, na safari hii kila zamu ilikuwa mahali pake kichwani, zimejipanga zenyewe. Mwezi huu maji yataanzia chini. Maghuwa kwanza, jogoo la kwanza. Kisha jirani yake, kisha jirani wa jirani yake, zamu zikipanda hivyo hadi juu. Mwezi ujao yataanzia juu. Na unaofuata yaanzie tena chini. Watu wakamtazama Mwadime. Mwadime akainuka, akachukua jembe, akaelekea kule ukingo ulikobomoka. Wakamfuata.

Walifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu, jogoo la kwanza, wakayafungulia maji, kila mtu akazuia mlango wa shamba lake kwa mikono yake mwenyewe yasiingie. Yakapita shamba la Mwadime, yakapita la mama wa mapacha, yakapita la mzee wa ngoma. Na watu wakashindwa kukaa. Wakaanza kuyafuata. Wakatembea, wakakimbia, wakarukaruka kando ya mfereji, maji yanasukuma majani makavu mbele yake na watu wanayashangilia majani, hadi mwisho kabisa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuyaona maji ya mfereji yakifika.

Kulikuwa kumepambazuka. Maghuwa alikuwa amesimama shambani na jembe, anapalilia mtama wake mkavu kama kila siku. Maji yakamgusa kisigino. Akageuka kutazama ni mnyama gani. Akaona maji. Akaona Kilughanyi nzima imesimama nyuma yake, inahema. Akaliweka jembe chini, akashika nguo zake, akaona hakuna haja ya kuzishika, akakaa palepale katikati ya mfereji na mavazi yake yote, maji yakampanda mpaka kiunoni. Mkawasi akaenda kumwinua. Bibi akamvuta mkono akakaa naye.

Basi wajukuu zangu, kichwa kikikukaza, tafuta dawa, na umuulize anayeijua, hata kama anakaa mbali na hapigi kelele. Lakini ukishapona usiishie hapo. Angalia ni nini kilichokuwa kinavuta ile kamba, na nani mwingine imemfunga.

Hiyo ndiyo niliyopewa nami ndiyo niliyowapa. Palipo patamu mezeni, palipo pachungu mnisamehe. Sasa inukeni mkalale, na mtakaporudia kuisimulia, ongezeni chumvi yenu.